Nguzo Zilizoota Majani

Mara ya kwanza kumsikia Padri akiimba ilikuwa msibani, kwenye mazishi ya Kilutheri, nami nilicheka mpaka shangazi yangu akanifinya. Mwimbishaji alikuwa ameanzisha wimbo wa kitabu chetu, na sisi wenye kitabu tulikuwa tumeishiwa maneno kwenye ubeti wa tatu, tunamumunya tu, ndipo sauti nene ikatokea nyuma ya migomba ikiuimba ubeti ule kwa moyo wote bila kukosa neno. Tulipogeuka tukaona padri wa Kikatoliki, mzee mrefu, kanzu nyeupe ameipandisha mpaka magotini na mabuti ya mpira miguuni, amefumba macho kwa raha. Baadaye, tulipokuwa tunanawa mikono, alitueleza kwamba kwao huimba sauti ya nne, ila kwetu huimba ya kwanza, kwa sababu Walutheri wana sauti za nne za kutosha, wanachopungukiwa ni furaha. Alipozikwa yeye mwaka jana tulijitahidi. Tuliimba sauti ya kwanza wote, wanaume kwa wanawake, na ilikuwa vurugu, lakini furaha ilipatikana.

Sote tulimwita Padri tu, kana kwamba Kagera nzima haina mwingine, na yeye aliona ni haki yake. Kijiji chetu kiko Muleba, upande wa Kamachumu. Kibanja chake, yaani shamba la migomba na nyumba ndani yake, alichorithi kwao na kurudi kukaa baada ya kustaafu, kilipakana na cha baba yangu, ambaye ni mchungaji mstaafu. Mgeni akiuliza njia pale barabarani aliambiwa apite kwa Mchungaji, na akifika kwa Padri ajue amepitiliza. Mimi naishi Bukoba mjini, Hamugembe, nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, na ndivyo nilivyokuja kuyajua maandishi ya Padri neno kwa neno, maana ni mimi niliyeyachapa.

Wahaya tunasemwa kwamba tunapenda kujitangaza kuwa tumesoma, ndiyo maana tukabandikwa jina la akina nshomile. Padri alisema huo ni uonevu mtupu. Aliyasema hayo akiwa amekaa chini ya shahada zake, alizoziweka ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuziona. Ukimwita Dokta alikataa kwa unyenyekevu, akasema Padri inatosha. Ukimwita Padri mbele ya wageni alikohoa, akaendelea kukohoa, mpaka mtu mmoja aongeze Dokta. Mama yangu alimpelekea dawa ya kikohozi kwa utani. Alishukuru sana, akainywa yote.

Kwa furaha alihubiri Kihaya, kwa hasira Kiswahili, na Kilatini alikiweka kwa ajili ya mbuzi wake, ambaye alitii. Chakula alikula amesimama, kwa kuwa akikaa alianza kusoma na ndizi zikapoa. Mwavuli alikuwa nao, mzuri, mweusi, wa Ulaya, lakini mvua ikinyesha aliufunika vitabu na kulowa mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia kwamba yeye hukauka.

Na maandishi yake sasa. Alikuwa ameandika maisha yake yote juu ya jambo moja, kwamba imani ni nyumba, kila mtu ana yake na mlango wake, lakini maadili ni ua, na ua huo ni mmoja, kila mtu hupita, na kila mtu anajua nani hajafagia. Alisema viongozi wa dini wamezoea kubishana juu ya milango huku uani takataka zimejaa. Alitaka Kanisa lake lisikilize kabla ya kufundisha. Alitaka wanawake wasikike. Alitaka Mkatoliki ajifunze kwa Mlutheri na kwa Mwislamu bila kuogopa kuambukizwa. Leo ukiyasoma unaweza kuona ni mambo ya kawaida, lakini aliyaanza zamani, kwa sauti kubwa, na mbele ya wanafunzi.

Chanzo chake alikisimulia kila alipopata msikilizaji mpya, nasi wa zamani tulikaa tukisubiri sehemu tunazozipenda. Alipokuwa mtoto alivunja miwa kwenye shamba la jirani yao Mwislamu. Bibi mwenye shamba akamkamata, akamchapa. Njiani kurudi, bibi wa Kilutheri akauliza analilia nini, akaelezwa, naye akamchapa. Alipofika nyumbani bibi yake mwenyewe, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, alikuwa amekwisha kusikia. Padri alipofika hapo alinyanyuka, akashika makalio kwa mikono miwili, akasema kwamba siku ile ndipo alipotambua kuna jambo ambalo dini zote zimekubaliana.

Miaka mingi baadaye, huko Ulaya, wasomi wenzake walipokuwa wakitafuta kwa tochi msingi wa maadili ya binadamu wote, yeye alikuwa nao mwilini. Akaupa jina la kipimo cha mabibi watatu. Jambo lolote, alisema, kabla hujaliita adili la watu wote, liulize swali dogo: je, bibi wa Kikatoliki, bibi wa Kilutheri na bibi wa Kiislamu, bila kuonana, wangekuchapa kwa hilo wote watatu? Kama ndiyo, andika. Kama wawili tu ndio wangekuchapa, hayo ni mambo ya mlango wa mtu, yaache.

Wala hakuishia kwenye maneno. Alipanda bodaboda, mabuti yake yakining'inia, akaenda Buhembe, akaenda Rubafu, akazunguka Muleba, akawauliza mabibi hai. Wengine walimdhania amekuja kuungamisha wakakimbilia vitenge. Kuhusu pombe bibi mmoja wa Kilutheri wa Buhembe alisema angechapa hata kwa kuinusa, ila wa Kikatoliki akasema angechapa tu kama hakuachiwa. Kwa hiyo pombe haikuingia kitabuni. Padri, ambaye jioni hakukataa kikombe cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, aliupokea uamuzi wa mabibi kwa utii mkubwa.

Kwa mawazo kama hayo aliondolewa kwenye kufundisha akiwa bado na nguvu. Wakubwa wake walimwita, wakamsikiliza kwa heshima, wakamwambia watu wa kijijini wanamhitaji zaidi. Yeye alisimulia habari hiyo akicheka, akisema alipelekwa kwa mabibi kwenyewe, nani angetoroka adhabu kama hiyo. Mara moja tu aliisimulia bila kucheka. Alisema hakuikosa heshima wala nyumba nzuri. Alichokikosa ni vijana wa kumwuliza maswali, na kwamba mwaka wa kwanza alijikuta anajiuliza mwenyewe kwa sauti wakati wa kunyoa ndevu. Nilimwonea huruma siku hiyo mpaka nikasahau kumkosoa.

Parokia aliyopelekwa ilikuwa upande wa Rubafu, na huko ndiko alikofanya lile jambo la senene ambalo watu wanalisimulia mpaka leo. Zamani kwetu wanawake walikamata senene, wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga, na wanaume wakala. Padri alisimama madhabahuni msimu wa senene akauliza ni wanawake wangapi wamekula. Wanawake wakawatazama wanaume. Akasema basi Jumapili ijayo wanaume watakamata, wanaume watanyonyoa, wanaume watakaanga, na wanawake watakaa wakisubiri. Jumapili ile, nasikia, moshi ulionekana kutoka mbali. Wanawake walikula makaa, lakini walikula, na kuna bibi huko aliyesema kwamba hajawahi kula kitu kitamu vile, ingawa ladha hakuitambua.

Baba yangu alipozisikia habari hizo, akiwa kwenye usharika wake, alicheka mpaka akalazimika kukaa, halafu akalihubiri jambo lile lile kama la kwake. Ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Padri alimtumia salamu kwamba mahubiri yaliyoibwa nayo yapitie kwenye kipimo cha mabibi watatu. Padri alipostaafu na kurudi kibanjani, tukapata miaka ya raha barazani kwetu. Walibishana juu ya neema, juu ya matendo, juu ya nani alianza kujenga shule wapi, na Mama aliwaletea kahawa ya kutafuna ili angalau midomo ipumzike. Sijawahi kumwona Baba akiwa na furaha kama alipokuwa akishindwa na Padri, isipokuwa alipokuwa akimshinda.

Kisha wakagombana, na waligombana kwa nguzo.

Mwaka mmoja mgomba wa Padri uliokuwa ukingoni kabisa ulizaa mkungu mkubwa mno, ukainamia upande wetu. Padri akataka kuuegemeza. Hakutafuta miti mikavu kama mtu mwingine, aliikata iliyokuwa karibu, akachomeka nguzo tatu ardhini upande wetu, mgomba ukatulia. Nguzo zenyewe zilikuwa za mlamula.

Kwetu kila mwenye panga anajua kwamba mlamula haufi. Ukate, uchomeke, usahau, nao utaota. Ndiyo maana ndio tunaopanda mpakani, na ukishasimama, umesema. Hakuna anayeung'oa peke yake. Unang'olewa na pande mbili, mbele ya majirani, au hauguswi. Padri alikuwa anajua hayo tangu hajavaa viatu, lakini nadhani miaka ya maktaba ilimfutia. Mkungu ukaiva, tukaletewa fungu letu, tukala. Mvua zikaja. Siku moja Baba anatoka na jembe anakuta safu ya milamula mitatu, mibichi, yenye majani ya kupendeza, imesimama ndani ya kibanja chake.

Alimwita Padri aje aone, huku anacheka, kwa kuwa aliona ni kichekesho cha kusimulia mwaka mzima. Majirani wawili watatu walikuwepo. Padri alipaswa kusema neno moja tu, kwamba alisahau. Badala yake aliitazama ile milamula, akawatazama watu, akakohoa, akasema bila shaka ni kibarua wake aliyezichomeka nguzo zile, mtu ambaye alikwisha kurudi kwao na hakuna aliyejua ni wapi.

Lakini Mama alikuwa amemwona kwa macho yake, kutoka mlango wa jikoni, kanzu imepandishwa, anagongelea nguzo kwa jiwe huku anaimba wimbo wetu wa Kilutheri. Na Baba alikuwa amekwisha kuambiwa.

Sehemu yenyewe ya ardhi haitoshi kulaza mbuzi, na Baba hakuijali. Kilichomwuma ni kwamba rafiki yake alimdanganya mbele ya watu, na tena kwa kumtwika kosa mtu maskini ambaye hakuwepo kujitetea. Alimwambia waing'oe pamoja yaishe. Padri akasema hawezi kung'oa asichokipanda, kibarua atafutwe. Baba akamjibu kwamba nguzo haioti majani kwa mkono wa mtu asiyekuwepo. Hapo wakaachana.

Basi milamula ikastawi. Sijui niseme ilikuwa na kiburi, ila ilipendeza kuliko mipaka yote ya Muleba, na wageni waliisifia, na kila aliposifia mgeni, mzee mmoja aliinamisha kichwa upande huu na mwingine upande ule. Miaka ikapita hawasalimiani. Ugomvi ulikuwa wa wanaume peke yao. Mama aliendelea kupitisha sahani za ndizi na maharage kwa Padri, na sahani zilirudi na parachichi. Mimi niliendelea kuchapa. Nilikuwa upande wa Baba na nilikuwa nampenda Padri, na niliwaambia wote wawili hivyo, wakanitazama kama mtu aliyekunywa.

Kuchapa kwa Padri kulikuwa sinema. Macho yake yalianza kupungua, daktari wa mjini akamwambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi na kilichobaki kitapungua. Alimwambia apunguze kusoma. Padri akapunguza kulala. Alipoona hawezi kuandika tena akajifunza kunitumia sauti kwenye simu. Zilianza kwa ishara ya msalaba, ambayo nadhani aliifanya kweli akiwa peke yake, na alitamka alama zote kama tulivyofundishwa imla shuleni. Nilikuwa dukani na wateja, simu inasema kwa sauti ya kanisani: mwanadamu, mkato, awe wa dini yoyote, mkato, anajua ametenda nini, nukta. Mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alisimama mpaka mwisho, akauliza ibada hii inarudi saa ngapi.

Kitabu kile cha mwisho, alichokiita tu kitabu cha mabibi, kilikuwa na sura saba, kila sura ni jambo ambalo mabibi wote walikubaliana. Kulikuwa na ya kutokula kwa kujificha, ambayo niliipenda sana kwa sababu namjua mtu. Kulikuwa na ya kumzika jirani hata kama hamsalimiani. Mchapishaji wa Dar es Salaam alikuwa amekubali kukitoa, anasubiri kikamilike. Sura sita nilizichapa. Ya saba haikuja.

Sura ya saba ilihusu kwenda mwenyewe. Mabibi wote, wa Buhembe, wa Rubafu na wa kwetu, walikuwa wamesema maneno karibu sawa: ukimkosea jirani, nenda kwa miguu yako, sema kwa mdomo wako, usimtume mtu na usimtupie mtu. Walisema wangechapa kwa hilo kuliko kwa kosa lenyewe. Padri alijaribu. Aliniletea sauti ndefu zenye majina ya wanafalsafa niliyoshindwa kuyaandika, na kabla sijamaliza kuzisikiliza ilifika nyingine fupi: futa yote, nukta. Nilimwuliza kuna tatizo gani. Akasema sura haijaiva. Nilijua kwa nini haiivi, na yeye alijua kwamba najua, na daktari alikuwa amesema macho yanakwenda.

Kisha ikaja Ijumaa Kuu, ukiwa msimu mdogo wa senene, na wakaanguka kwa wingi ambao hatukuutegemea. Nilikuwa nyumbani kwa Pasaka. Alfajiri ilipokucha nyasi zilikuwa na umande, na senene wakilowa hawaruki, wanatulia wanasubiri kuokotwa. Kwenye senene hakuna kibanja cha mtu. Unaingia popote, wanakuwa wako wakiwa mkononi mwako. Nilisimama na Mama mlango wa jikoni nikamwona Baba amepiga magoti kwenye majani na ndoo yake, anasonga mbele akiokota. Upande wa pili nikamwona Padri, amepiga magoti naye, foronya mkononi, anapapasa. Wote wawili wameinamisha vichwa na wanasogeleana. Nilitaka kuita. Mama akanishika mkono.

Walikutana kwenye milamula mitatu, nyuso zimekaribiana kama watu wanaotafuta sindano. Hakuna aliyenyanyuka. Nilihesabu kwamba mmoja atageuza magoti arudi, sikujua ni yupi. Ndipo Padri akasema, kwa sauti ya chini aliyotumia zamani barazani kwetu, na kwa waitu, neno letu la heshima.

"Mchungaji, waitu. Leo ni Ijumaa Kuu. Senene ni nyama?"

Baba hajawahi katika maisha yake kuliacha swali la dini bila kulijibu, na Padri alilijua hilo. Alinyoosha shingo, akachungulia ndani ya foronya. Mlikuwa na majani mengi na senene wachache, maana macho ya mwenyewe hayakutofautisha tena.

"Kwa mwenye ndoo iliyojaa ni nyama," akasema. "Kwa mwenye foronya kama hiyo yako, ni mfungo."

Padri alicheka akakaa chini kwenye umande, kanzu na yote. Baba akatoa majani kwenye foronya, akamimina senene kutoka ndoo yake mpaka foronya ikasimama. Sikusikia walichosema baada ya hapo kwa sababu nilikuwa nalia na Mama alikuwa ananicheka. Waliafikiana senene wakaangwe, wafunikwe, wasubiri Pasaka, ili pasiwe na lawama kwa Kanisa lolote. Jumamosi asubuhi sufuria ilikutwa nusu. Padri akawashuku Walutheri, Baba akawashuku Wakatoliki, na walibishana kwa furaha mpaka jua likawa kali. Aliyekula ni Mama. Alisema anafidia miaka.

Tangu hapo Baba alikwenda kwa Padri kila jioni kumsomea. Lakini alizunguka. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwake ni kukata moja kwa moja katikati ya migomba, na milamula mitatu ilikuwa njiani. Baba alitoka mpaka barabarani, akapanda, akaingia kwa lango la mbele, mzee wa magoti mabovu. Hawakuwahi kuitaja. Nilimwuliza Baba kama bado ana hasira, akasema hasira imeisha zamani, ila kuna mlango ambao si yeye wa kuufungua. Na sura ya saba ilibaki haijaja, na sauti za Padri kwenye simu yangu zikawa fupi, na siku moja aliniambia kwamba sasa anatofautisha mchana na usiku tu, mkato, na hata hilo ni kwa msaada wa jogoo.

Mara ya mwisho kumwona nilikwenda na sura zote sita nimezichapa kwa herufi kubwa, kwa ajili ya Baba. Niliwakuta wamekaa nje, Padri amehamishia kigoda chake karibu na mpaka kwa sababu alisema hapo anasikia jikoni kwetu kunapikwa nini. Alikuwa amekonda. Mabuti yake yalikuwa yaleyale. Baba alikuwa ameketi upande wa Padri, baada ya kuzunguka kwa barabara kama kawaida, na akasoma alasiri yote, akisimama kila ukurasa kupinga. Padri alipinga kupingwa. Mahali pamoja Baba alisema bibi yake yeye asingekubali, na Padri akasema bibi huyo alimjua, na kama ni kuchapa angeanza na mjukuu.

Baba akafika mwisho wa sura ya sita. Akageuza ukurasa, hapakuwa na kitu. Akazikusanya karatasi magotini, akazipanga upya.

Padri akaniuliza kama simu yangu ina chaji. Nikasema ndiyo, Padri. Akaniambia niiwashe irekodi. Alikohoa kwa namna ile ya zamani, nikakaribia kusema Dokta. Kisha akanyoosha mkono pembeni, akapapasa mpaka akaushika mlamula wa kwanza, na akatoa imla kama alivyonizoesha.

"Sura ya saba. Nguzo hizi nilizichomeka mimi, mkato, kwa mikono yangu, mkato, nikamsingizia mtu ambaye hakuwepo. Nukta."

Nilisubiri iendelee. Haikuendelea. Baba alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ni fupi," akasema.

"Ndiyo niliyoiandika kwa muda mrefu kuliko zote."

Baba akamshika mkono akamwambia, Padri waitu, simama. Akaniambia mimi na Mama, aliyekuwa jikoni, ndio majirani, tunatosha kuwa mashahidi. Mlamula wa kwanza ulitoka bila shida, na wa pili. Wa tatu ulikuwa umeshika. Wakaukumbatia wote wawili, mmoja haoni na mwingine magoti hayakubali, wakahesabu kwa Kihaya, wakavuta, ukagoma. Padri akaanza ule wimbo wetu, sauti ya kwanza, Baba akaingia na ya nne, wakavuta tena, na mlamula ukatoka ghafla pamoja na udongo wake, padri na mchungaji wakaenda chini chali kwenye majani ya migomba, miguu juu, wakiwa bado wameushika.

Mama aliusikia mshindo. Akauliza kutoka jikoni ni nani kaanguka.

Nikamjibu kwamba ni wote wawili.